Mpini wa Kisu cha Kukunja Katika Hewa ya Chumvi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unajibu maswali yanayoulizwa na wavuvi, wauza machungwa, watunza vitalu vya miche na mafundi seremala wa Tanga pale wanapotaka kununua kisu cha kukunja au kubadilisha mpini wa kisu walicho nacho. Majibu yamezingatia hali ya pwani, yaani upepo unaobeba chumvi, unyevu wa masika na wa vuli, na mikono ambayo kwa sehemu kubwa ya siku imelowa, kwa kuwa ushauri mwingi unaosambaa kuhusu visu hivi umeandikwa na watu wa nchi za baridi na haumfai mtu anayefanya kazi mwaloni Sahare au Pangani.

Kinachokata ni bapa. Kwa nini basi mpini upewe uzito mkubwa hivyo?

Katika kisu cha kawaida cha jikoni mpini ni mahali pa kushikia tu, na hata ukipasuka kisu kitaendelea kukata. Katika kisu cha kukunja mpini ni nyumba ya mtambo mzima: ndani yake kuna pini ambayo bapa huizunguka, springi ya mgongoni au kifungio kinacholizuia bapa lisirudi vidoleni, na mfereji ambamo bapa hulala kisu kinapokunjwa. Mpini ukivimba kwa sehemu ndogo ya milimita bapa hukwama, na ukisinyaa bapa hulegea na kuanza kucheza, jambo ambalo ni la hatari zaidi, kwa sababu kisu kilicholegea huweza kujikunja juu ya vidole vya mwenyewe wakati anapokata kitu kigumu.

La pili ni kutu. Ukikichunguza kisu kilichoharibika kando ya bahari, mara nyingi utakuta bapa bado linang'aa, lakini pale mpini unapogusana na chuma pameshaliwa. Maji ya chumvi huingia katika nafasi nyembamba iliyo kati ya mpini na bamba la chuma lililo chini yake, hayakauki, na chumvi inayobaki huvuta unyevu mpya kutoka hewani hata siku ambayo kisu hakikutumika. Ndiyo maana katika ukurasa huu kila malighafi inapimwa kwanza kwa tabia yake kwenye maungio hayo, na uzuri wake unafuata baadaye.

Malighafi zinazotumika ni zipi?

Ziko za asili, ambazo ni mbao, pembe na mfupa. Ziko za kutengenezwa kwa gundi ngumu na nyuzi, kama mikarta, faiba na nyuzi za kaboni. Ziko plastiki, ambazo muhimu kwetu ni nailoni. Na ziko metali, yaani alumini, titaniamu, chuma kisichoshika kutu na shaba ya njano.

Mpini wa mbao unaweza kudumu pwani?

Unaweza, lakini inategemea ni mti gani na kisu kimeundwaje. Mbao hunywa unyevu na kuutoa kufuatana na hewa inayouzunguka. Hewa inapokuwa na unyevu wa asilimia 80, hali ambayo mtu wa Tanga anaifahamu vizuri, mbao iliyokaushwa hutulia ikiwa na maji kiasi cha asilimia 15 hadi 16 ya uzito wake mkavu. Ukiichukua mbao hiyo ukaipandisha bara wakati wa kiangazi, itapoteza sehemu ya maji hayo na kusinyaa. Kusinyaa na kuvimba huko hutokea kwa upana wa mbao; kwa urefu, sambamba na nyuzi za mti, mabadiliko ni madogo mno kiasi cha kutohesabika. Kwa hiyo fundi anayejua kazi yake hukata mpini ili nyuzi zifuate urefu wa kisu, na huacha nafasi kidogo ndani ya mfereji wa bapa.

Katika miti yetu, ninaouheshimu kuliko yote kwa kazi hii ni mninga. Si mzito sana na hauna ule mng'ao wa mpingo, lakini husinyaa na kuvimba kidogo mno kuliko mbao nyingi nyingine, nayo ndiyo sifa hasa inayohitajika katika kisu cha kukunja. Mkongo, ambao watu wengine wa pwani huuita mbambakofi, nao hutulia vizuri na umetumika kwa miaka mingi katika milango na vyombo vya baharini. Mtiki unaovunwa katika shamba la Longuza wilayani Muheza una mafuta yake ya asili yanayousaidia kukabiliana na maji. Ubaya wake ni kwamba mafuta hayohayo huizuia gundi isishike, hivyo uso wa mbao hupaswa kufutwa kwa asetoni mara tu kabla ya kupakwa gundi.

Mpingo ni habari nyingine. Uzito wake huzidi kilo 1,200 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo huzama majini, na ugumu wake huufanya ung'ae kwa kusuguliwa tu bila vanishi. Maji hayauingii haraka. Lakini mpingo ambao haukukaushwa polepole hupasuka, hasa fundi anapotoboa tundu la pini karibu na ncha, na nyufa hizo huanza kama unywele na kufunguka baada ya miezi kadhaa. Anayenunua mpini wa mpingo aukague kwenye matundu ya pini na kwenye ncha zote mbili kwa mwanga wa jua. Aangalie pia kama kuna sehemu ya njano. Hiyo ni mbao changa ya nje, ambayo ni laini zaidi na hushambuliwa na wadudu.

Miti ya mikoko haifai. Ni imara ikiwa nguzo, lakini hupinda na kupasuka inapokauka, na kukata mikoko bila kibali ni kosa.

Kisu changu cha mbao kimekwama wakati wa masika na hakifunguki. Nifanye nini?

Tatizo hili ni la kawaida sana kwa visu ambavyo bapa lake linagusana na mbao moja kwa moja, bila mabamba ya chuma katikati. Mfano unaojulikana zaidi duniani ni visu vya Opinel, vilivyoanzishwa na Joseph Opinel mwaka 1890 huko Savoie, Ufaransa, ambavyo mpini wake ni kipande kimoja cha mti kilichochanwa mfereji. Kisu cha namna hiyo ni chepesi na hukata vizuri mno, lakini kikilowa mfereji hujibana. Watu wa Savoie wana desturi ya kugonga kisigino cha mpini juu ya kitu kigumu ili bapa lichomoze kidogo na kushikika.

Usikilazimishe kwa koleo, wala usikiweke juani au karibu na jiko la mkaa, maana mbao inayokauka upande mmoja hupinda na haitarudi. Kiweke mahali penye kivuli na upepo kwa siku kadhaa. Kikishafunguka, zungushia msasa mwembamba kwenye kipande chembamba cha bati na usugue kuta za mfereji kidogo kidogo, ukijaribu kukunja kila baada ya muda mfupi. Kisha upake mafuta ya kitani ndani ya mfereji na kuzunguka pini, uyaache yakauke, na urudie mara kadhaa. Kitambaa ulichotumia kupakia mafuta ya kitani kitandazwe nje kikauke au kilowekwe majini kabla ya kutupwa. Kikikunjwa na kuachwa mahali pamoja huweza kujichoma chenyewe.

Mafuta ya nazi yanafaa badala ya mafuta ya kitani?

Yanafaa kwa kisu cha chakula, kwa kuwa hayana madhara, lakini hayakauki wala hayaundi ngozi juu ya mbao, hivyo hayalindi mbao kwa muda mrefu na itakubidi upake mara kwa mara. Yasipakwe kwenye pini ya kisu kinachopelekwa Lushoto, kwa sababu mafuta ya nazi huganda joto linaposhuka chini ya nyuzi 24 hivi, na asubuhi ya kipupwe kule Usambara kisu kitafunguka kwa shida. Nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta kidogo ndiyo ninayoipendelea kwa uso wa nje wa mbao.

Je, kutumia mpingo ni halali?

Ni halali ikiwa mbao imetoka katika mkono halali. Uvunaji na usafirishaji wa mazao ya misitu unasimamiwa na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na mbao inayosafirishwa hupaswa kuwa na hati zake. Tangu tarehe 2 Januari 2017 mpingo na miti ya jamii yake imo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe na mimea inayohitaji kulindwa. Marekebisho ya mwaka 2019 yaliondoa masharti hayo kwa bidhaa zilizokamilika ambazo uzito wa mbao yake hauzidi kilo 10 kwa shehena moja, hivyo kisu kimoja au viwili mfukoni mwa mgeni havihitaji kibali cha CITES. Mipini, hata hivyo, haihitaji kabisa kukatiwa mti. Mpingo huchukua miongo mingi kufikia unene wa kuvunwa, na mabaki yanayotupwa na wachongaji wa Bagamoyo na kwingineko yana vipande vinavyotosha mpini bila mtu kugusa mti uliosimama. Fundi akiuziwa gogo jipya kwa ajili ya mipini, ni haki aulize limetoka wapi.

Pembe na mfupa wa ng'ombe vina ubora gani?

Vyote viwili hupatikana machinjioni kwa bei ndogo, na vyote vimetumika katika visu tangu zamani. Pembe ni dutu ileile ya kucha. Ikipashwa moto hulainika na kuweza kunyooshwa kati ya vibao viwili, lakini kumbukumbu ya umbo lake la kwanza haiishi kabisa, na unyevu wa masika huweza kuifanya inyanyuke kutoka kwenye bamba la chuma. Mwanya unaoachwa hapo ndio mlango wa maji ya chumvi. Pembe pia huliwa na wadudu walewale wanaotoboa ngozi kavu, hivyo kisu kilichohifadhiwa kabatini muda mrefu kinapaswa kutazamwa mara kwa mara.

Mfupa haupindi kama pembe, lakini una vitundu vingi vidogo na huvunjika kisu kinapoanguka juu ya sakafu ya saruji. Usipoondolewa mafuta yake yote kwa kuchemshwa na kuloweshwa katika maji ya sabuni, hugeuka njano na kutoa harufu kunapokuwa na joto. Kwa mtu anayepara samaki kila siku siushauri kabisa, kwa kuwa vitundu hivyo hunywa damu na majimaji ya samaki, na hakuna limao litakaloitoa harufu hiyo ikishazama.

Pembe za ndovu na ng'amba (gamba la kasa) visiguswe. Zamani mafundi wa nchi nyingi walivitumia katika mipini ya thamani, na Bagamoyo ilikuwa kituo kikubwa cha misafara ya pembe za ndovu katika karne ya 19. Leo biashara ya kimataifa ya vitu hivyo imepigwa marufuku, pembe za ndovu tangu uamuzi wa CITES wa mwaka 1989, na mtu anayekutwa na nyara za wanyamapori bila kibali hushtakiwa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Ukipewa kisu cha urithi chenye mpini wa aina hiyo, peleka suala hilo kwa maofisa wa wanyamapori kabla ya kufikiria kukiuza au kukisafirisha.

Mikarta ni nini, na kwa nini mafundi wengi wa visu huisifu?

Mikarta ni tabaka za karatasi au kitambaa cha pamba au kitani zilizoloweshwa katika gundi ya fenoli na kugandamizwa kwa joto mpaka zikawa kitu kimoja kigumu. Gundi hiyo ni ya ukoo wa bakelaiti, plastiki iliyovumbuliwa na Leo Baekeland mwaka 1907, na kampuni ya Westinghouse ya Marekani ndiyo iliyoanza kutengeneza mikarta mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya kuzuia umeme katika mitambo. Wahunzi wa visu waliichukua baadaye kwa sababu hukatwa na kupigwa msasa kwa vifaa vya kawaida vya seremala, haipasuki kirahisi, na haijali masika wala kiangazi kwa kiasi kinachoweza kukwamisha bapa.

Sifa yake inayopendwa zaidi ni kwamba mikarta ya turubai isiyong'arishwa hushika vizuri ikiwa imelowa. Nyuzi za pamba zilizoko juu hunyanyuka kidogo na kukamata kiganja. Gharama ya sifa hiyo ni kwamba nyuzi hizohizo hunywa mafuta na majimaji, na rangi hubadilika haraka kuwa nyeusi pale vidole vinapokaa. Mtu wa samaki achague ya turubai iliyopigwa msasa wa wastani na kuoshwa kila siku kwa brashi na sabuni; mtu wa kazi kavu anaweza kuchukua ya karatasi iliyong'arishwa, ambayo ni laini na nzuri lakini huteleza mikono ikilowa.

Faiba inayoitwa G10 ni sawa na faiba ya boti?

Ni jamaa wa karibu. Faiba ya boti nyingi ni mkeka wa nyuzi za kioo uliopakwa gundi ya poliesta kwa mkono, wakati G10 ni kitambaa kilichofumwa cha nyuzi za kioo na gundi ya epoksi, kilichogandamizwa kiwandani kwa nguvu kubwa hadi kusiwe na hewa ndani. Bao za kijani zinazobeba saketi ndani ya redio na kompyuta ni za ukoo huohuo. G10 hainywi maji kwa kiasi cha maana, haipindi, haili kutu, na haichochei kutu ya chuma kilicho jirani yake kwa sababu haipitishi umeme. Kwa maungio ya kisu cha pwani hakuna malighafi niliyoiona ikitulia kuliko hii, na mtu akiniuliza mpini mmoja utakaovumilia kila kazi, jibu langu ni hili.

Inavyo vikwazo vyake. Ni nzito kuliko mbao nyingi, ikikaribia uzito wa mara 1.8 wa maji kwa ujazo uleule. Ikichongwa michirizi mikali ya kushikia, hula mfuko wa suruali na kuchubua kiganja cha mtu anayeshika kisu kutwa nzima. Michirizi hiyo inaweza kupunguzwa kwa msasa uliolowa. Na vumbi lake ni la hatari, kama nitakavyoeleza mwishoni.

Nyuzi za kaboni je?

Ni nyepesi, ngumu na ghali, na uzuri wake mkubwa ni wa macho. Kaboni hupitisha umeme, kwa hiyo ikigusana na alumini au na chuma mbele ya maji ya chumvi huharakisha kuliwa kwa metali hiyo. Sioni sababu ya mvuvi kuilipia.

Visu vya mpini wa plastiki ni vya thamani ndogo?

Hapana, ila plastiki si moja. Nailoni iliyochanganywa na nyuzi fupi za kioo ni malighafi ya kuheshimika. Spyderco ya Marekani iliitumia katika visu vyake vya Delica na Endura tangu mwaka 1990, na visu hivyo hutumiwa kwa kazi ngumu. Nailoni hunywa maji kiasi na kuvimba kidogo, lakini kiwanda huliwekea hilo nafasi tangu mwanzo, na nailoni yenye unyevu huwa si rahisi kuvunjika kuliko iliyokauka kabisa. Uzuri wake mwingine ni kwamba mpini huundwa ukiwa na umbo lake kamili, na mara nyingi hauhitaji mabamba ya chuma ndani, hivyo mahali pa maji kujificha hupungua. Kisu cha namna hiyo chenye mgongo ulio wazi husuuzwa kwa maji ya bomba na kukauka chenyewe.

Visu vyekundu vya Uswisi vya Victorinox vina mpini wa plastiki inayotokana na selulosi, iliyobanwa juu ya vichwa vya ribiti. Ni imara kwa kazi ya nyumbani, lakini tundu la kijiti cha meno na lile la kibanio hukusanya jasho na chumvi, na mwenye kisu hicho huku pwani avichomoe na kusafisha humo kila wiki.

Plastiki za kuogopa ni tatu. Ya kwanza ni ile ngumu, nyepesi na inayong'aa ya polistirini katika visu vya bei ya chini kabisa: mafuta yaliyomo kwenye ganda la chungwa huiyeyusha, kwa hiyo muuza machungwa ataona mpini unanata na kufifia katika muda mfupi. Ya pili ni mipako laini ya mpira inayopendeza dukani. Katika joto na unyevu wetu mingi huoza na kuwa kama lami, na haina dawa isipokuwa kukwanguliwa. Ya tatu ni seluloidi, ambayo utaikuta katika visu vya zamani vyenye rangi za mawimbi. Inapozeeka hutoa mvuke wenye asidi unaokula bapa la kisu hicho na la visu vilivyo jirani, na hushika moto kwa kasi, hivyo kisu cha aina hiyo kitengwe peke yake mahali penye hewa.

Kwa nini mpini wa alumini hutoa unga mweupe kwenye skrubu?

Metali mbili tofauti zinapogusana ndani ya maji ya chumvi, ile iliyo dhaifu kiumeme huliwa ili kuiokoa nyenzake. Alumini ikikutana na skrubu ya chuma kisichoshika kutu, alumini ndiyo inayoliwa, na unga mweupe ni mabaki yake. Mipini mizuri ya alumini hupakwa ngozi ngumu ya oksidi kiwandani, na ngozi hiyo husaidia mpaka itakapochubuka kwenye kingo na kwenye matundu ya skrubu, ambako ndiko hasa tatizo huanzia. Fungua skrubu mara moja kwa msimu, safisha, paka grisi kidogo kwenye nyuzi zake, kisha uifunge. Usikisugue kisu hicho kwa majivu wala magadi kama sufuria, kwa kuwa vitu hivyo hula alumini na kuiondoa ngozi yake.

Titaniamu haina shida hiyo yenyewe. Maji ya bahari hayaiathiri, na uzito wake ni zaidi kidogo ya nusu ya uzito wa chuma. Ni malighafi bora ambayo wengi wetu hatutaihitaji, kwa sababu bei yake ni kubwa na huteleza ikiwa na ute wa samaki. Chuma kisichoshika kutu ni kizito na kinateleza vilevile, ila kwa kisu kidogo cha ofisini kinatosha. Shaba ya njano hupendeza, huacha harufu mkononi, na hufanya kutu ya kijani pale inapofunikwa na mbao au pembe.

Kwa metali zote kumbuka jua. Kisu cha alumini kilichoachwa juu ya ubao wa mashua saa sita mchana kitauchoma mkono mara moja, kwa kuwa alumini hupitisha joto haraka mno. Cha mbao au cha faiba kilicholala pembeni yake kitashikika.

Ni mpini upi hautelezi mkono ukiwa na ute wa samaki?

Umbo hutangulia malighafi. Mpini wenye tumbo pana katikati, wenye kizuizi mbele cha kuzuia kidole kisiteleze kuelekea makalini, na wenye kisigino kinachojaza kiganja, utashinda mpini mwembamba wa malighafi yoyote. Baada ya umbo, napanga hivi: mikarta ya turubai na G10 yenye michirizi ya wastani ziko mbele, nailoni yenye vinundu inafuata kwa karibu, mninga usiopakwa vanishi uko nyuma yake, na mpingo uliong'arishwa pamoja na metali laini ziko mwisho. Vanishi inayong'aa huharibu mshiko wa mbao yoyote nzuri.

Kwa anayemenya machungwa, au anayebebesha miche, nini kinafaa?

Mmenya machungwa hushika kisu kwa saa nyingi na hulowana asidi. Mpini mwepesi wa mninga au nailoni humfaa, mradi bapa lioshwe jioni. Kwa kubebesha miche jambo kubwa ni usafi, kwa kuwa ugonjwa huhama kutoka mti hadi mti kupitia kisu, na watunza vitalu wa Muheza hupaswa kukifuta kwa spiriti au dawa ya klorini kati ya mche na mche. Spiriti huondoa vanishi na kukausha mbao, na klorini hula alumini na chuma. Kwa hiyo hapa nailoni au G10 ndilo chaguo lililo wazi.

Mkonge wetu unaweza kutumika kutengeneza mipini?

Swali hili linanifurahisha, kwa kuwa Tanga ndiko mkonge ulikopandwa kwanza nchini, baada ya Richard Hindorf kuagiza miche kutoka Florida mwaka 1893, na fikra ya kuutia ndani ya gundi ngumu ni fikra sahihi. Unyuzi wa mkonge una nguvu ya kutosha. Taabu yake ni kupenda maji: nyuzi ni nene, zina mirija ndani, na kila ncha iliyokatwa kwenye uso wa mpini huweza kuyafyonza maji na kuyaingiza chini ya gundi.

Anayetaka kujaribu atumie kitambaa kilichofumwa cha mkonge badala ya nyuzi tupu, akikaushe juani kutwa nzima na kukilowesha epoksi kikiwa bado kikavu kabisa, tabaka baada ya tabaka, akisukuma hewa itoke kwa kibao. Kisha akibane kati ya mbao mbili zilizofunikwa karatasi ya nailoni, kwa vibanio vilivyokazwa kwa usawa, mpaka siku ya pili. Baada ya kuchonga, apake epoksi nyepesi juu ya ncha zote zilizofunguka. Kwa njia hiyohiyo kitambaa cha jinzi kuukuu au cha kanga ya pamba hutoa mpini mgumu zaidi, kwa kuwa uzi wake ni mwembamba na hunywa gundi vizuri. Ningependa kuona mafundi vijana wa Ngamiani, hapa Tanga, wakiufanyia kazi huu mkonge kwa uvumilivu.

Nikibadilisha mpini mwenyewe nizingatie nini?

Kwanza afya. Vumbi la G10 na la nyuzi za kaboni huwasha ngozi na kuumiza mapafu, na vumbi la mpingo na la mvule huwaletea watu wengine mzio wa ngozi na wa kifua. Piga msasa uliolowa maji, vaa barakoa inayobana vizuri, fanya kazi nje upepo ukiwa mgongoni, na ufue nguo ulizovaa peke yake.

Pili, usitegemee gundi peke yake. Epoksi nyingi za mirija miwili huanza kulainika kati ya nyuzi joto 50 na 70, na kisu kilichoachwa ndani ya gari lililofungwa juani huweza kukaribia hapo. Weka ribiti au pini mbili zinazopita upande hadi upande. Kwaruza bamba la chuma kwa msasa mkavu, lifute kwa asetoni, na usiliguse tena kwa vidole. Paka gundi ya kutosha mpaka ichuruzike kingo zote, kwa kuwa gundi inayojaza mwanya wote ndiyo inayoifungia chumvi nje, na wala usikaze vibanio mpaka gundi yote ikakimbia. Fungua na ukunje kisu mara kwa mara wakati gundi inakauka, ili isishike pini ya bapa.

Kisu kioshwe vipi baada ya siku ya baharini?

Kifunguliwe chote, kisuuzwe kwa maji yasiyo na chumvi, hasa ndani ya mfereji na kuzunguka pini, kisha kikung'utwe na kuachwa wazi kivulini hadi kikauke. Tone moja la mafuta mepesi ya mashine kwenye pini linatosha. Kisikunjwe kikiwa kimelowa, wala kisilale ndani ya ala ya ngozi, ambayo huhifadhi unyevu na chumvi.

Ni lini mpini haufai tena kutengenezwa?

Ufa ukipita kwenye tundu la pini ya bapa, mpini huo ubadilishwe, kwa kuwa gundi haiwezi kuibeba nguvu inayokusanyika hapo. Kama bamba la chuma lililo chini ya mpini limeliwa hadi kuwa jembamba, au kifungio hakishiki hata baada ya kusafishwa, kisu chote kiwekwe kando, hata kama mpini wake bado ni mzima na mzuri. Pale ambapo ni uso tu uliochakaa, au kona iliyomeguka mbali na pini, msasa na epoksi kidogo vitakirudisha kazini.